Piloti anayerudi na siye si mwoga

Ile siku tulipaswa kuondoka Kavumu saa mbili ya asubuhi. Tuliondoka saa saba. Ndege ilikuwa Let 410, zile ndogo za moteri mbili ambazo kila mtu wa Shabunda, wa Lulingu, wa Kalima au wa Punia anazijua. Juu ya nini tulichelewa? Juu ya mizigo. Kwanza mifuko ya sukari, kisha sabuni, kisha mabati. Kisha mfanyabiashara mmoja akafika na motopompi mbili za kutoa maji mu shimo, akasema lazima ziende leo leo. Wakapima, wakatoa, wakabishana, wakarudisha. Piloti alikuwa anaangalia saa, anaangalia mawingu, ananyamaza.

Tulipofika juu ya Shabunda, mbingu ilikuwa nyeusi upande mmoja na jua linawaka upande mwingine. Ndege ikaanza kutikisika. Ikashuka, tukaona miti, tukaona pisti ya udongo mwekundu, lakini pua ya ndege ilikuwa inaangalia pembeni. Bawa moja likainuka. Mara moteri zikanguruma na tukapanda tena juu. Piloti akazunguka, akajaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Mara ya tatu hakujaribu. Aligeuza ndege, akaturudisha Kavumu.

Ndani ya ndege ikawa kelele. "Wee piloti, tulilipa feza ya kufika, apana ya kutembezwa mu mawingu!" Mwenye motopompi akasema: "Ule wa juma lililopita alishusha na mvua inanyesha. Huyu ni mwoga tu." Mimi pia nilikasirika. Nilikuwa na feza ya chakula ya vijana kumi na wawili waliokuwa wananingoja kwenye shimo, na nilisema maneno ambayo leo ninaona haya kuyaandika.

Tulipotua Kavumu, mzee mmoja, PDG wa shimo kule Lulingu, ambaye hakuwa amesema kitu safari nzima, akatuuliza: "Mawe yakianza kulia mu shimo, nani kati yenu atabaki ndani juu alishalipa feza ya miti?" Hakuna aliyejibu.

Tangu ile siku nimeuliza mapiloti, nimeuliza mafundi, nimesoma kidogo. Na ninataka kusema wazi ninachofikiri. Piloti anayekataa kutua mu upepo mbaya anafanya kazi yake. Anayemzuia kuifanya, mara nyingi, ni siye: kwa mizigo yetu, kwa haraka yetu, kwa feza yetu na kwa midomo yetu.

Pirogi na mto

Tuanze na upepo wenyewe, juu mtu hawezi kuhukumu kazi asiyoijua.

Ndege ikiwa juu haishikilii udongo. Iko ndani ya hewa, na hewa ikisogea, ndege inasogea nayo. Yeyote aliyevuka Ulindi au Lualaba kwa pirogi anajua hiki kitu. Ukitaka kufika kwenye bandari iliyo mbele yako ng'ambo, hauelekezi pua ya pirogi kwenye bandari. Unaielekeza juu kidogo, kule maji yanakotoka, na mto wenyewe unakuleta mahali pako. Mtu asiyejua mto akikuangalia atasema unapotea. Hapana, haupotei. Ungeelekeza pua moja kwa moja, njo ungepotea.

Piloti anafanya vile vile. Upepo ukitoka kuume, anageuza pua kidogo kuume, na ndege inaenda sawa kuelekea pisti huku inaangalia pembeni. Kwa hiyo ukiona pisti kwenye dirisha lako la pembeni, usipige kelele kwamba amekosa njia.

Kazi ngumu inakuja karibu na udongo. Magurudumu hayapendi kwenda kombo. Ndege ikigusa ikiwa imegeuka, inaweza kuvunja miguu au kuruka nje ya pisti. Basi mu sekunde chache za mwisho piloti ananyoosha pua, na mara nyingi anainamisha bawa la upande upepo unakotoka ili ndege isisukumwe. Njo maana unasikia gurudumu moja linagusa kwanza, kisha la pili, kisha la mbele. Abiria wengi wanadhani ni kosa. Hapana, ni njia waliyofundishwa.

Lakini kila ndege iko na mpaka wake. Upepo unapimwa kwa nodi, na nodi moja ni karibu kilometa 1,85 kwa saa. Cessna Caravan, ile ya moteri moja inayobeba watu na mizigo mu misitu yetu, kitabu chake kinaonyesha kwamba ilijaribiwa mu upepo wa pembeni wa nodi 20, yaani kilometa 37 hivi kwa saa. Upepo wa nodi 20 unaotoka mbele kabisa hausumbui, tena unasaidia ndege kusimama haraka. Ukitoka mbele lakini umeinama kidogo, digri 30, nusu yake njo inasukuma pembeni, nodi 10. Ukitoka ubavuni kabisa, nodi zote 20 ziko juu ya piloti. Upepo ni ule ule, nguvu ni ile ile, lakini upande tu umegeuka na kazi imekuwa nyingine. Ndiyo sababu unaweza kufika salama saa tatu, na mwenzako asifike saa nne, pisti ile ile, ndege ile ile.

Upepo unaokatika

Upepo mkali lakini ulio sawa, piloti anauzoea. Unaoua ni ule wa kubadilika badilika: unapiga, unanyamaza, unapiga tena kutoka upande mwingine.

Bawa linabeba ndege kwa sababu ya hewa inayopita juu yake kwa mbio. Ikiwa ndege inashuka na upepo wa nodi 15 unapiga usoni, zile nodi 15 ziko ndani ya hesabu ya bawa. Upepo ukikatika ghafla, bawa linazipoteza mara moja, na ndege inazama. Ukiwa juu, unapoteza kimo kidogo, unaongeza moteri, unaendelea. Ukiwa mita kumi juu ya udongo, hauna kimo cha kupoteza.

Mapiloti wako na hesabu yao ya kujilinda. Upepo ukiwa nodi 10 na ukipiga kwa vishindo mpaka 20, tofauti ni 10. Wanaongeza nusu yake, nodi 5, kwenye mbio ya kushuka. Ni akiba, kama mti wa ziada unaoweka mu shimo. Lakini ile akiba iko na bei. Ndege ikigusa na mbio iliyozidi kwa asilimia 10, inahitaji karibu asilimia 21 zaidi ya pisti ili isimame. Kwenye lami ndefu, hakuna shida. Kwenye pisti yetu ya udongo, fupi, yenye matope na mashimo, na miti inakungoja mwishoni, zile mita njo uzima wa watu. Basi piloti anabanwa katikati: akienda polepole, upepo unamwangusha, akienda mbio, pisti inaisha.

Ongeza msitu. Pisti nyingi za madini zimekatwa mu miti mirefu, kama ukumbi wenye kuta mbili. Juu ya miti upepo unapita sawa. Ndege ikishuka chini ya vichwa vya miti, upepo unavunjika: fasi moja unakatika, fasi nyingine unazunguka kama maji nyuma ya jiwe. Pakiwa na uwazi wa mto au wa shamba, unapenya pale na kupiga ubavuni. Na jua la saa sita likichoma ule udongo mtupu, hewa ya moto inapanda, huku juu ya mto na msitu hewa inashuka. Ndege inapita juu ya hivyo vyote mu muda wa kuhesabu moja mpaka kumi.

Walikale walijua mambo mengine. Miaka ile ya kasiterite ya Bisie, ndege zilikuwa zinatua Kilambo, juu ya barabara ya lami. Barabara haijengwi kwa kufuata upepo, inafuata kule watu wanakoenda. Upepo ukitoka ubavuni, piloti hana pisti nyingine ya kuchagua, na barabara ni nyembamba.

Kisha kuna wingu la mvua. Sote tunaujua ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, unaoinua vumbi na kungoa mabati. Ni hewa ya baridi inayoanguka kutoka ndani ya wingu, inapiga udongo na kutawanyika pande zote, kama ndoo ya maji uliyomwaga juu ya sima. Ndege inayoingia pale inakutana kwanza na upepo wa usoni, mbio ya bawa inaongezeka, na piloti anaweza kudanganyika na kupunguza moteri. Halafu hewa inamsukuma chini. Halafu upepo unampiga mgongoni, na bawa linapoteza ile mbio yote.

Tarehe 4 Aprili 2011, ndege ya Umoja wa Mataifa iliyotoka Kisangani ilikutana na dhoruba ilipokuwa inatua N'djili, Kinshasa. Watu 33 walikuwa ndani. Mmoja tu njo alipona. Haikuwa ndege kuukuu ya porini iliyojazwa mifuko. Ilikuwa ya moteri za jeti, na pisti ya N'djili ni ndefu kabisa. Ikiwa upepo wa wingu unaweza kufanya vile Kinshasa, mnafikiri utafanya nini na Let 410 yetu, Shabunda?

Kurudi juu ni sehemu ya kutua

Kitu ambacho mimi sikujua, na ninaamini wengi hawajui, ni hiki: kuacha kutua na kupanda tena si ajali iliyoponyoka, wala si aibu. Ni zoezi ambalo piloti anafundishwa tangu mwanzo. Anaposhuka anapaswa kuwa tayari ameamua moyoni: kama ndege haiko sawa nikifika fasi fulani, ninapanda. Mzuri anaamua mapema. Mbaya anabembeleza ndege mpaka chini, akisema pengine upepo utatulia.

Lakini ili apande, anahitaji vitu vinne: moteri zenye nguvu, ndege isiyo nzito kupita kiasi, fasi ya kupitia mbele bila kilima, na mafuta ya kutosha kwenda mahali pengine. Ukimnyanganya kimoja, umemfungia mlango wa kutokea. Atashuka tu, upepo uwe mbaya au mzuri, juu hana njia nyingine. Wachimbaji, mnajua shimo lenye mlango mmoja lina maana gani.

Sasa tujiulize nani anafunga ule mlango.

Kwanza, uzito. Kasiterite ni nzito karibu mara saba kuliko maji. Kilo 50 zinaingia mu ndoo. Kwa macho unaona kamfuko kadogo kamekaa chini ya kiti, unasema: hii haina kitu. Let 410 aina ya UVP-E haipaswi kupita kilo 6 400 kwa jumla: chuma chake, mafuta yake, watu wake na mizigo yake. Mmoja anaongeza kamfuko kamoja, mwingine kamoja, mwenye bidhaa anasema "ni kidogo tu, papa". Ndege nzito inapaswa kushuka na mbio zaidi, inasimama mbali zaidi, na piloti akitaka kupanda tena, inapanda kwa uvivu. Siku ya hewa tulivu itafika. Njo ubaya wake: inafika, na siye tunajifunza uongo kwamba inawezekana. Siku ya upepo, ule uongo unadaiwa. Na mizigo isiyofungwa vizuri ni mbaya zaidi, juu ndege ikitikiswa, mifuko inahama, na ndege inapoteza usawa wake.

Pili, saa. Asubuhi upepo mara nyingi umelala. Jua likipanda linauamsha, na alasiri mawingu yanajenga. Piloti wetu alitaka kuondoka saa mbili. Siye tulimshikilia mpaka saa saba juu ya motopompi mbili, kisha tukamtukana kwa upepo wa saa nane. Nani aliuleta ule upepo? Ni siye.

Tatu, mafuta. Kanuni inasema ndege ya moteri za turbini ibebe mafuta ya kufika, ya kwenda kiwanja kingine ikishindikana kutua, na ya nusu saa zaidi. Kila kilo ya ile akiba ni kilo ambayo haikubebwa bidhaa. Njo maana mwenye bidhaa anaichukia. "Punguza mafuta, ongeza mifuko." Nimesikia haya maneno na masikio yangu. Anayeyasema haelewi kwamba anauza njia ya kurudia ya watu wote walio ndani, pamoja na mtoto aliye mgongoni mwa mama yake.

Nne, mdomo. Piloti naye ni mtu wa mshahara. Iko na nyumba ya kupanga na watoto wa shule. Mkubwa akimwambia "kama hauwezi, kesho nitatafuta mwingine", na abiria kumi na tano wakimwita mwoga, unafikiri mara ya tatu atafanya nini? Atashusha. Na akifaulu, tutampigia makofi na kumpa jina la mwanaume kweli. Kwa yale makofi tunafundisha mapiloti wote wengine namna ya kutuua.

"Lakini siye tuna njaa"

Najua mtakachosema, na si maneno ya bure. Mtasema barabara ya Bukavu na Shabunda si barabara, mvua ikinyesha gari linalala mu matope siku na siku. Ndege isipofika, chumvi inapanda bei kesho yake. Mgonjwa anangojea dawa. Vijana hawalipwi, na kijana asiyelipwa anaacha shimo. Mtasema pia: tiketi nimelipa, na yule wa kampuni ataniambia nilipe tena.

Hayo yote ni kweli. Mimi vijana wangu walikula mihogo mikavu siku mbili juu ya ile safari iliyorudi. Lakini siku mbili za mihogo mikavu zinapita, na walinikuta nikiwa hai.

Ila ninakubali kwamba hasara ya kurudi haipaswi kuangukia mtu mmoja, juu ikimwangukia mmoja, ule mmoja atasukuma. Kama hasara ni ya piloti, atashuka vibaya. Kama ni ya abiria maskini, atapiga kelele. Kwa hiyo wenye ndege, wafanyabiashara na wakubwa wa kooperativi wakae pamoja na kupatana mbele ya safari: ndege ikirudi juu ya upepo, tiketi inabaki na nguvu yake, mizigo inaondoka ya kwanza kesho yake, mafuta yaliyochomwa yanagawanywa kwenye bei ya kilo za mizigo, na mshahara wa piloti haukatwi hata franga moja. Haya yaandikwe, yabandikwe fasi ile tunakopimia mizigo. Mtu akijua mbele namna mambo yatakavyokuwa, hana sababu ya kupiga kelele.

Na piloti naye asijifiche. Tukirudi, atueleze kwa maneno machache: upepo ulikuwa wa pembeni, ulizidi mpaka wa ndege, tutajaribu kesho asubuhi. Kuna ndege zinazorudi juu ya moteri mbovu na wenyewe wanasingizia upepo. Tangu 2006 Umoja wa Ulaya umekataza makampuni yetu kuruka kwao, kwa sababu usimamizi wa usalama wetu haujawaridhisha. Mzungu yuko na orodha yake, anachagua ndege nyingine. Siye hatuna nyingine. Basi angalau tuambiwe ukweli.

Kitambaa cha mita tatu na nusu

Kuna jambo moja dogo ambalo linanisumbua kuliko yote. Pisti ngapi za madini hazina hata kile kitambaa cha kuonyesha upepo? Ule mfuko mrefu wa rangi, ulio wazi pande mbili, unaoning'inia kwenye mti. Unaonyesha upepo unatoka wapi, na namna unavyosimama au kulegea unaonyesha nguvu. Ukicheza cheza, unainuka na kuanguka, piloti anajua vishindo vinamngoja. Kanuni za ndege za dunia zinataka uwe na urefu usiopungua mita 3,60. Ni kitambaa! Fundi wa nguo yeyote wa soko la Shabunda anaweza kuushona kwa siku moja. Mti tunao, msitu mzima umejaa. Hatungoji Kinshasa ituletee uzi.

Pale usipokuwepo, nimeona vijana wanachoma majani mabichi kando ya pisti ili moshi umwonyeshe piloti upepo. Ninawashukuru wale vijana. Lakini moshi wa majani si kazi ya nchi iliyo na madini kama yetu.

Mwaka 2009 kila abiria wa ndani ya nchi alianza kuombwa Go-pass, ile siku ya mwanzo dola 10, na tuliambiwa ni ya kutengeneza viwanja. Tulilipa. Basi siye tunaopanda ndege za msituni tuna haki ya kuuliza RVA: mu zile dola, ngapi zilifika kwenye udongo tunakotua? Na Autorité de l'Aviation Civile, ambao kazi yao ni kuangalia usalama: lini mara ya mwisho mtu wao alipima mizigo kwenye pisti ya ndani, apana kwenye karatasi?

Kuna pia kazi ya bei ndogo. Kila pisti iwe na mtu mmoja mwenye foni au simu, aliyefundishwa kuangalia upepo na wingu, ambaye ndege haiondoki kabla hajaitwa. "Hapa upepo unatoka Ulindi, unapiga kwa vishindo, wingu limefunga." Maneno haya yangefika Kavumu ile siku, tusingeondoka. Tungelala nyumbani, tungeondoka kesho asubuhi, na mafuta ya saa mbili yangebaki mu tanki. Huyu mtu alipwe. Ikiwa kila mfuko unaopakiwa unatoa ushuru kwa watu watatu wanne tunaowajua, unaweza kumlipa pia yule anayeangalia upepo. Na yeye njo afukuze mbuzi na mapikipiki kwenye pisti.

Kesho yake mizigo ilipakiwa jioni, na tuliondoka alfajiri kumekucha tu. Motopompi moja ilibaki Kavumu. Mwenyewe alilalamika, halafu akapanda. Shabunda tulikuta ukungu unainuka juu ya msitu na moshi wa majani unapanda juu wima. Piloti ni yule yule. Alishuka mara moja, magurudumu mawili yakagusa pamoja, tukasimama pisti ikiwa bado ndefu mbele yetu. Hakuna aliyempigia makofi.

Nilipitia mbele nikamwambia: "Papa, pole na maneno ya jana." Akacheka kidogo, akasema amezoea.

Hiyo njo shida. Asizoee. Ndugu wachimbaji, mama na papa mnaongoja watu wenu kwenye pisti: mara nyingine moteri zikinguruma na ndege ikapanda tena bila kutua, nyamazeni, mfunge mikanda, mumwache mtu afanye kazi yake. Na mkirudi chini salama, hata kama ni mahali mlipotokea, mumshukuru.